Je, seremala afuate faili la kompyuta kama lilivyo?

"Salaam, mtaalamu. Mimi ni fundi seremala mwenye karakana Keko, Dar es Salaam, na nimeishi kwa kazi ya samani kwa zaidi ya miaka 20. Msanifu majengo mmoja kijana amenipa kazi ya dari ya mapokezi ya hoteli inayojengwa Bagamoyo. Dari yenyewe ni ya mbavu za plaiwudi ya milimita 18 zinazokatana, zinapanda na kushuka, na baadhi ya nafasi kati ya mbavu zitazibwa kwa vibao vya mtiki vyenye upana wa milimita 200. Hesabu yangu ni karatasi kama 70. Ameniletea faili la kompyuta lenye vipande 236, hakuna hata viwili vinavyofanana, na amesema nitafute mashine ya CNC, ile inayokata ikiongozwa na kompyuta, kwa kuwa mkono hautaweza. Kijana wangu aliyesomea kompyuta amelifungua, anasema kila kitu kiko sawa. Mimi nimeangalia nikaona mbavu nyingine zina urefu wa mita tatu na nusu, wakati plaiwudi ni futi nane. Mhandisi anataka vyuma vya kuning'inizia, msanifu hataki vionekane. Kila mmoja anasema lugha yake, mimi niko katikati. Nimeshapokea malipo ya awali, na benki iko tayari kunikopesha ninunue mashine. Je, nifuate faili kama lilivyo kwa kuwa kompyuta haikosei? Nikope? Na kwa huko kazi hizi zinakoelekea, fundi kama mimi bado ana nafasi, au zimeshakuwa za wasomi?"

Salaam, fundi. Umeuliza maswali matatu, lakini nikiyasoma pamoja naona wasiwasi mmoja: kwamba uamuzi kuhusu mbao umehamia ndani ya kompyuta, mahali ambapo huna ufunguo wake, na kwamba wewe umebakiwa na kutii tu. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba usifuate faili kama lilivyo, usikope kwanza, na wala usidhani kwamba uliloliona kuhusu zile mbavu za mita tatu na nusu ni jambo dogo, kwa sababu msanifu hakuliona, kijana wako hakuliona, na programu haikuwa na namna ya kuliona. Mengine yote nitakayoeleza yanatokana na hilo.

Tuanze na hili la kompyuta kutokosea. Kijana wako hakusema uongo. Alipolikagua faili alikuta kila umbo limefungwa, hakuna mstari uliokatika, hakuna kipande kilichompanda mwenzake, na kwa maana hiyo faili ni zima. Lakini uzima huo ni wa mahesabu peke yake. Programu ilipewa uso uliopinda, ikaambiwa uukate kwa mbavu kila baada ya umbali fulani, ikatii. Hakuna aliyeiambia kwamba plaiwudi huuzwa kwa karatasi za milimita 1,220 kwa 2,440, kwa hiyo ilichora ubavu wa mita tatu na nusu kwa utulivu ule ule ambao ingechora wa mita tatu na nusu elfu. Kosa la namna hii huwezi kulipata kwa kulikagua faili, kwa maana halimo ndani ya faili. Liko kati ya faili na stoo ya mbao, na aliyesimama hapo ni wewe.

Kuna sababu ya kihistoria ya jambo hili, na ni vizuri uijue ili usimlaumu msanifu kupita kiasi. Mashine inayokata kwa kuongozwa na namba ilionyeshwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1952, na lengo lilikuwa sehemu za ndege. Hesabu za mistari ya kupinda zinazotumika katika programu za kuchorea hadi leo zilikuzwa kwa sehemu kubwa ndani ya viwanda vya magari vya Ufaransa, na Pierre Bézier akiwa Renault na Paul de Casteljau akiwa Citroën, waliohitaji kueleza mabodi ya magari kwa namna ambayo mashine ingeweza kuyafuata. Wote hao walishughulika na bati na chuma, vitu vyenye unene unaotabirika na visivyokunywa unyevu. Wasanifu majengo walivirithi vifaa hivyo baadaye, na pamoja navyo wakarithi dhana iliyojificha ndani yake, kwamba unene ulioandikwa ndio unene uliopo. Kwa mbao dhana hiyo si kweli, na seremala hahitaji kuambiwa.

Sasa nieleze jinsi faili lako lilivyotengenezwa, kwa kuwa humo ndimo lilimo tumaini lako. Dari kama hiyo kwa kawaida haichorwi kipande kwa kipande. Msanifu anatumia programu, mara nyingi Rhino pamoja na Grasshopper, ambamo haandiki mistari bali anaandika uhusiano: mbavu ziachane kiasi gani, kina cha kila ubavu kiwe kipi, mkato wa maungio uwe na upana sawa na unene wa ubao. Kila moja ya hizo ni kigezo chenye namba yake, na namba ikibadilishwa vipande vyote hujichora upya. Ni kama fundi cherehani ambaye ana karatasi ya vipimo lakini hajagusa kitambaa: ukimwambia kifua kimeongezeka inchi moja, anarekebisha kwa penseli na hakuna hasara. Faili ulilopewa wewe, lenye vipande 236 tayari kwa mashine, ni kitambaa kilichokwisha kukatwa. Nyuma yake ipo karatasi ya vipimo, iko kwenye kompyuta ya msanifu, na pengine humo unene wa plaiwudi umekaa kama namba moja inayosubiri kusahihishwa. Kwa hiyo ombi lako la kwanza kwake lisiwe kwamba akupe faili jingine. Muulize hivi: unene wa ubao, nafasi ya kuingilia na urefu wa juu wa kipande ni vigezo unavyoweza kuvibadilisha? Akijibu ndiyo, marekebisho utakayomletea yatamgharimu saa chache. Akijibu hapana, yaani aliviandika kwa namba zisizobadilika au alichora kwa mkono, basi mjue wote wawili kwamba kazi bado haijafika kwenye kukata.

Naomba nikae kidogo kwenye unene, kwa sababu ndipo kazi za mbavu zinazokatana hufia. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, nenda kwa muuzaji wako, pima plaiwudi anayoiita ya 18 katika pembe nne na katikati ya kila upande. Si ajabu ukapata 17.3 hapa na 17.6 pale, na mzigo mwingine ukakupa 18.2. Faili lina mikato ya milimita 18 kamili. Ubao ukiwa wa 17.3, kila maungio yatacheza kwa milimita 0.7, na hayo ni mamia ya maungio yanayolegea kwa pamoja, kiasi kwamba mbavu zitainama na lile wimbi ambalo msanifu amelihangaikia halitaonekana laini tena. Ubao ukiwa wa 18.2, halafu ukaupiga vanishi, hautaingia. Tuseme kila kipande kina mikato minne tu; vipande 236 vina mikato 944, na ukiipiga msasa kila mmoja kwa dakika tano utakuwa umetumia karibu saa 79 kurekebisha jambo ambalo lingerekebishwa kwa kubadilisha namba moja. Kwa hiyo nunua plaiwudi yote ya kazi hii kwa pamoja, kutoka mzigo mmoja, kabla faili halijakamilishwa. Ipange bapa ndani ya karakana, ipime, na umpe msanifu namba uliyoipata wewe.

Kisha tengeneza kipande cha majaribio, na usikubali mtu akushawishi kuwa ni kupoteza muda. Kata mabaki mawili ya plaiwudi ile ile. Katika kimoja weka mikato mitano: 17.2, 17.4, 17.6, 17.8 na 18. Kikatwe na mashine ile ile na biti ile ile, yaani kisu chake kinachozunguka, itakayokata kazi nzima, kwa maana biti iliyochakaa hukata tofauti na mpya. Ingiza kipande cha pili katika kila mkato kwa mkono. Unaoutaka ni ule unaoingia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mpira na kubaki wima bila gundi. Ukishaupata, huo ndio upana wa kuandikwa kwenye kigezo. Wakati uko hapo, tazama pembe za ndani za mkato. Biti ya milimita 6 ni duara, kwa hiyo haiwezi kuacha pembe kali. Itaacha mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 3, na ubao wenye kona za mraba hautakaa hadi chini. Tiba yake ni kuiruhusu biti iingie kidogo zaidi kwenye kila kona na kuacha kijitundu, au kuzisafisha kona kwa patasi. Vijitundu vinaonekana, patasi inakula muda, na msanifu ndiye achague akiwa ameviona vyote viwili kwenye kipande halisi, si kwenye kioo cha kompyuta.

Vibao vya mtiki ni suala jingine, na hapo nakuomba uwe mkali. Mtiki ni katika mbao zilizotulia sana, lakini kutulia si kutocheza. Ubao uliokaushwa kwa hewa ya pwani yetu hubaki na unyevu wa kama asilimia 14 au 15. Mapokezi ya hoteli yenye kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku yanaweza kuushusha hadi karibu asilimia 10. Mbao hazipungui kwa urefu kiasi cha kuonekana, hupungua kwa upana, na kibao cha mtiki cha milimita 200 kilichopasuliwa kwa kufuata mkondo wa pete za ukuaji wa mti kitapungua takriban milimita mbili kwa mabadiliko hayo. Kiyoyozi kikizimwa msimu wa masika, milimita hizo zinarudi. Faili linaonyesha kibao kimebanwa kati ya mbavu bila hata unywele wa nafasi. Ukikibana na kukigundisha hivyo, ama kitapasuka, ama kitaachia ufa, ama kitazisukuma mbavu. Unajua dawa yake kuliko mimi: mfereji kwenye ubavu, kibao kikae ndani yake huru bila gundi, kama tunavyofanya paneli za milango. Lakini mfereji huo lazima uwemo kwenye faili kabla ya kukata, kwa kuwa unapunguza unene wa ubavu mahali pale, na mhandisi anapaswa kujua.

Jambo la mwisho la kiufundi ambalo programu hailisemi ni mpangilio wa kuunganisha. Kwenye kioo dari imekaa, kila kitu mahali pake, kana kwamba ilishuka nzima. Hakuna mchoro unaoonyesha ubavu wa kwanza unaingia lini na wa mwisho unapitia wapi. Mikato yote ikiwa wima, mbavu za upande mmoja hulala na za upande wa pili hushuka juu yake, na kazi inakwenda. Mbavu zikiwa zimeinama kila moja kwa pembe yake, kama ninavyohofia katika dari inayopanda na kushuka, inawezekana kabisa kila ungio likawa sahihi peke yake, na bado ubavu wa mwisho usiwe na njia ya kuingia. Mwambie kijana wako achape sehemu moja ya dari, kona iliyopinda kuliko zote, kwa kipimo cha moja kwa kumi kwenye kadibodi, mkate na muunganishe kwa mikono mkiwa wawili. Mtajua ndani ya jioni moja. Kadibodi ni rahisi, na ofisi za wasanifu wakubwa duniani zimejaa vielelezo vya namna hiyo, ingawa kwenye picha zao huonyesha kompyuta tu.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la kama kazi hizi zimeshakuwa za wasomi. Mimi ni mhandisi wa miundo na nimekuwa katika fani hii ya usanifu wa kikokotozi, yaani wa kutumia hesabu za kompyuta, kwa muda wa kutosha kusema bila kusita kwamba hakuna kazi nzuri niijuayo iliyofanywa na msomi wa kompyuta peke yake. Tazama ile kuba ya mawe iliyoonyeshwa Venice mwaka 2016, inayojulikana kama Armadillo Vault. Ina mawe 399 ya chokaa, hakuna saruji wala gundi kati yake, na inavuka zaidi ya mita 15. Hesabu zilifanywa na kundi la Philippe Block wa chuo cha ETH Zürich na wenzake, lakini mawe yalikatwa na kampuni ya mafundi wa mawe wa Texas, Escobedo Group. Mashine ilikuwa na kikwazo: kuligeuza kila jiwe ili kulikata upande wa pili kungekula muda mwingi. Basi umbo lilibadilishwa. Upande wa juu wa kila jiwe ulifanywa bapa ili jiwe lisihitaji kugeuzwa, na upande wa ndani, badala ya kusagwa hadi ukawa laini, ulikatwa mifereji kwa msumeno wa duara, kisha vibaki vikagongwa kwa nyundo vikaanguka. Ukiitazama picha ya ndani, ile mistari inayoipendeza kuba ni alama ya msumeno. Kabla ya kuisafirisha waliiunganisha nzima Texas kwanza, kuijaribu. Ona basi: kikwazo cha fundi kiliingia kwenye hesabu mapema, na kikawa sehemu ya uzuri.

Karibu nasi zaidi, nenda Kigali ukautazame uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017. Makuba yake matatu ni ya vigae vyembamba vya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, na vikajengwa kwa kazi ya mikono ya watu wa hapo hapo. Umbo lilikokotolewa ili uzito ushuke kwa kusukumana tu, kwa maana udongo unavumilia kusukumwa na hauvumilii kuvutwa. Lakini hesabu ile isingekuwa na maana kama mwashi asingeweza kupanga vigae kwenye mkunjo ule kwa jicho na mkono wake. Na Heilbronn, Ujerumani, kulikuwa na banda la mbao mwaka 2019 lenye vipande 376 vya maboksi ya mbao, vyote tofauti, linalovuka mita 30. Wazo la jinsi sahani zake zinavyoungana lilitokana na utafiti wa gamba la kiumbe wa baharini wa jamii ya urchini, kwa hiyo walikuwemo watu wa baiolojia, wasanifu na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Stuttgart, na kampuni ya maseremala iliyolijenga. Fani nyingi, kila moja ikijua jambo ambalo nyingine hailijui. Tofauti yao na nyinyi wa Bagamoyo ni kwamba wao walikaa meza moja kabla ya faili kukamilika, ilhali wewe umeitwa baada.

Kuhusu mvutano wa mhandisi na msanifu, usijifanye hakimu, lakini pia usikubali kukaa kimya. Karatasi ya plaiwudi ya milimita 18 ina uzito wa takriban kilo 30 hadi 35 kutegemea aina ya mbao. Karatasi 70 ni zaidi ya tani mbili, na hata ukiondoa theluthi moja kwa ajili ya mabaki, bado kama tani moja na nusu itaning'inia juu ya vichwa vya wageni. Katika jambo la kitakachoibeba na kitakavyofungwa kwenye zege, neno la mwisho ni la mhandisi, na halina mjadala. Msanifu ana haki ya kutaka vyuma visionekane, na mara nyingi vinaweza kufichwa: ubavu wa tabaka mbili wenye bamba la chuma katikati, au fimbo nyembamba inayoshuka mahali mbavu mbili zinapokatana. Ila kumbuka kwamba ubavu wa tabaka mbili unabadilisha unene, na unene unabadilisha mikato yote. Vilevile zile mbavu za mita tatu na nusu lazima ziungwe, na mahali pa kuungia pasiwe pale chuma kinapobeba. Kama ungechagua mwenyewe ukiwa karakanani, ungeziunga mahali panapokupa mabaki machache, na hapo ndipo pangeweza kuwa pabaya kuliko pote. Mhandisi aonyeshe kwenye mchoro, atie saini.

Yako wewe ni mambo ya mbao: unene halisi, namna ya kuunga, nafasi ya kucheza, mfuatano wa kuunganisha. Yaandike. Karatasi moja yenye namba zako, tarehe, na nakala kwa msanifu, mhandisi na mwenye hoteli itakusaidia kuliko maneno mengi ya simu.

Nikugusie na gharama, kwa sababu wasanifu ninaofanya nao kazi hupenda kusema kwamba kwa mashine ya CNC vipande tofauti havina gharama zaidi kuliko vinavyofanana. Kwa mashine ni kweli, biti haijali. Kwa karakana si kweli hata kidogo. Vipande 236 tofauti vinahitaji kuandikwa namba kila kimoja, kupangwa kwa mfuatano, kutafutwa, na kimoja kikivunjika siku ya kufunga hakuna cha akiba kinachofanana nacho. Omba namba ya kipande ichongwe na mashine yenyewe mahali patakapofichwa na maungio. Na katika makadirio yako ya bei, muda wa kupanga na kuunganisha uuhesabu kuwa mwingi kuliko muda wa kukata.

Sasa mkopo. Kwa kazi moja, sikushauri. Mashine ya kukata karatasi nzima ya futi nne kwa nane haiji peke yake. Inataka umeme ambao haukatiki katikati ya kazi, na nyingi kubwa zinataka umeme wa fezi tatu. Inataka mfumo wa kunyonya vumbi, jambo ambalo si la anasa, kwani vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Inataka biti za kubadilisha na mtu anayejua kuiendesha. Chukua rejesho la mkopo la mwezi, ongeza hayo yote, gawa kwa saa ambazo una hakika, si unatumaini, kwamba mashine itakuwa inakata mwezi huo. Linganisha matokeo na bei ya saa moja kwa wenye mashine tayari, ambao Dar es Salaam wapo, wengine wakikatia wauza makabati ya jikoni. Peleka kazi hii kwao, ukiwa na kipande chako cha majaribio mkononi. Njia nyingine ni kuchapisha maumbo kwa ukubwa kamili kwenye karatasi, kuyabandika kwenye plaiwudi na kukata kwa jigisoo na ruta ya mkono. Inawezekana, na msanifu alipokwambia mkono hautaweza alikuwa anazidisha, lakini kwa mikato 944 inayotakiwa kufanana kwa sehemu ya kumi ya milimita, mimi nisingekupendekezea. Ukipata kazi tatu au nne za aina hii ndani ya mwaka mmoja, uandike tena tuzungumze mkopo. Kabla ya kusaini chochote, pita SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wakusaidie kupiga hesabu ya biashara, na uwaonyeshe mkataba wa benki.

Kijana wako usimwache pembeni. Anayejua kufungua faili na amekulia kwenye vumbi la randa ana kitu ambacho msanifu hana na mimi sina. Mwambie ajifunze Grasshopper kiasi cha kuweza kusoma vigezo, hata kama haandiki vyake. Halafu mpe kalipa, apime yeye ile plaiwudi.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Usifunge ubavu hata mmoja juu ya dari kabla mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi hajaiona kazi kwa macho, akakagua zege itakayofungiwa vyuma, na kuacha maandishi. Kama mhandisi uliyemtaja hajasajiliwa, au anatoa maagizo kwa mdomo tu, mwambie mwenye hoteli alete aliyesajiliwa. Hiyo ni gharama yake, si yako. Na kwa kuwa umeshapokea malipo ya awali, mpe mwanasheria mkataba wako ausome wiki hii, hasa kipengele kinachosema nani analipia plaiwudi iwapo vipande vilivyokatwa sawasawa na faili havitaingiana. Kipengele hicho kisipokuwepo, kiongezwe kabla mashine haijawashwa, kwa maneno ya wazi: fundi anawajibika kwa usahihi wa kukata, na msanifu anawajibika kwa usahihi wa faili baada ya kupokea vipimo vya fundi. Msanifu akikataa kutia saini hapo, rudisha faili lake, na uendelee kukaa na plaiwudi ikiwa nzima.